Mruko wa Tatu ni wa Mungu

Mpendwa Baba Odilia,

Zamani, ulipokuwa ukifanya vibarua vya barabara kule Chala, nilikuandikia kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi kuanza hivyo. Wewe uliye mbali huna hofu yoyote. Umelala pale mteremkoni nyuma ya kigango, na baridi hii ya Julai haikufikii. Mwenye hofu nilikuwa mimi niliyebaki. Nimeibeba miaka miwili, na Jumamosi iliyopita sehemu yake kubwa ilinitoka, na mtu wa kumweleza ni wewe. Najua wengine nao wataisoma barua hii. Wasome tu, kwani hukuwa mtu wa siri, ingawa mimi niliwahi kudhani vingine.

Unakumbuka nilivyodhani? Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa ulikuwa unatoka kila Jumamosi asubuhi na rungu lako, mbwa mbele, na kibali chako cha kuwinda ndege umekikunja ndani ya mfuko wa nailoni utadhani ni cheti cha ubatizo. Jioni ulirudi, na mara nyingi hukuwa na kitu. Hilo halikunisumbua, mawindo ni bahati. Kilichonisumbua ni kwamba ulirudi unapiga mluzi. Mwanaume gani anarudi kwa mkewe mikono mitupu huku anapiga mluzi? Shoga yangu mmoja ndiye aliyenimaliza. Aliniambia mluzi wa namna ile hauletwi na kwale.

Basi Jumamosi iliyofuata nikakufuata. Nilijitanda khanga kichwani nikapita kando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa ulezi, nikiinama kila ulipogeuka. Magoti yangu yalikuwa bado mapya wakati ule. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yote ya kumwambia huyo mwanamke, na mengine makali zaidi ya kukuambia wewe. Ulifika kwenye nyasi ndefu juu ya kijito ukasimama. Nikajibanza nyuma ya kichuguu nikisubiri atokee.

Akatoka kwale. Alipasuka kutoka majanini kwa kelele mpaka mimi niliyejificha nikakaribia kupiga yowe. Wewe hukurusha rungu. Ulimtazama tu akiruka mpaka akatua mbali, kisha ukamfuata polepole na mbwa wako. Mbwa alipomwamsha mara ya pili ulirusha, rungu likapita juu yake kidogo tu. Nikaona umetikisa kichwa ukicheka. Mara ya tatu kwale hakufika mbali. Aliruka chini chini, mwendo wa kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani, akaanguka kwenye nyasi. Mbwa akasimama juu yake, mguu mmoja hewani. Ulisogea, ukazitenga nyasi kwa mikono miwili, na mimi kutoka kule kwenye kichuguu nikamwona amejibana chini, mdomo wazi, anahema. Mkono ungetosha kumchukua. Wewe ukavua mkanda wa suruali, ukamfunga mbwa shingoni, ukageuka kwenda zako.

Nilitoka mafichoni kwa hasira ambayo hata huyo mwanamke wa kichwani mwangu nisingempa. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimejificha. Nilikuuliza una akili gani, mboga imelala pale na wewe unafunga mbwa. Hukushtuka kuniona. Ulishika suruali yako isidondoke, ukanieleza jambo ambalo baba yako alikueleza na babu yako alimweleza yeye.

"Mruko wa kwanza ni wake," ulisema. "Wa pili ni wako. Wa tatu ni wa Mungu."

Ulinifafanulia kama mwalimu wa katekisimu. Mruko wa kwanza humrushii kitu, maana hajajua kama upo, na kumpiga asiyejua ni wizi. Wa pili ni wa kushindana: yeye ana mabawa, wewe una rungu moja, na unarusha mara moja tu. Ukimgusa akaanguka, ni wako, na hurushi tena siku hiyo mpaka umpate. Ukimkosa, ataruka mara ya tatu, na baada ya hapo kwale hana tena kitu kifuani. Hawezi kuruka, na kukimbia hawezi.

"Hapo huwindi tena," ulisema. "Hapo unaokota."

Nami nikasema sawa, basi acha niokote. Nikapita pembeni yako, nikainama, nikamfunika kwa khanga. Moyo wake ulikuwa unagonga kiganja changu upesi sana. Nilimpika jioni ile kwa chumvi na nyanya, nikakutengea. Hukunigombeza. Uliomba maharage ya mchana, ukala ugali wako wa ulezi taratibu, ukanisimulia habari za barabara. Mimi nikala kwale peke yangu. Alikuwa mtamu, sitakudanganya hata leo. Ila nilimla nikiwa nimekupa mgongo, na sikuokota tena mwingine maisha yangu yote.

Nimekuwa nikiyakumbuka mengi mwaka huu. Nilikumbuka Machi ile tulipokuwa tunafukia nyasi kwenye matuta, mimi nikakuta kiota cha kwale, mayai saba, nikafurahi kama niliyeokota shilingi. Ulikuja na jembe lako ukalima kukizunguka, ukaacha kichaka cha nyasi katikati ya shamba lililonyooka. Mama yako alipopita alituuliza ni nani aliyelinyoa shamba hili halafu akaondoka kwenda kunywa pombe. Kila mwaka tangu hapo shamba letu lilikuwa na vipara vya kinyume, sehemu moja au mbili zenye manyasi marefu, na watu wakatuzoea. Ulisema anayetaka kuwinda Julai sharti aache kitu Machi. Ilikuwa ni hesabu rahisi tu kwako.

Nilikumbuka pia kipaimara cha Odilia. Ulikuwa umetoka alfajiri upate mboga ya sherehe, ukamgusa kwale wa kwanza, akatumbukia kwenye matete ya kijito na akapotea. Watu wakafika, misa ikaisha, binti yako akapakwa mafuta bila baba yake kuwepo. Ulitokea saa nane mchana, umelowa hadi kiunoni, kwale mmoja mkononi. Nilikusema mbele ya wageni. Nilisema unawaonea huruma ndege kuliko watu wako. Wewe ulijibu kwamba usingeweza kukaa mezani huku yule anakufa polepole kwenye matete kwa ajili yako. Odilia, na gauni lake jeupe, alikuja akampokea yule ndege kwa mikono miwili. Nadhani yeye alikuelewa kabla yangu.

Na Masanja, jirani yetu Msukuma, hakukuelewa kamwe, au alijifanya. Alikuwa akipita na ng'ombe wake akikuona unafunga mbwa, anasimama kabisa apate kucheka vizuri. Aliwahi kukuuliza, "Ninyi Wafipa mnawinda, au mnakwenda kuwasalimia ndege?" Ukamjibu kwamba na wao wangekuwa wanasalimia, kusingekuwa na ugomvi wa malisho. Akasema hatabishana na mtu wa Sumbawanga, asije akatumiwa radi ya kichawi mchana kweupe. Mlikuwa mnacheka mpaka mnashikana mabega.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Moyo wako ulipoanza kuchoka hatukujua ni moyo. Miguu ilivimba, tukadhani ni matope. Mara ya kwanza ulilazwa hapa mjini wiki mbili, ukatoka, na mwezi uliofuata ulikuwa shambani unatunyooshea matuta. Mara ya pili ilikuwa Mbeya, ambako Odilia anafanya kazi ya uuguzi. Binti yako alikuhangaikia mwezi mzima, anatoka zamu yake anakuja kwenye kitanda chako, halali. Ulirudi na mfuko wa dawa, na mkanda wako umetobolewa matundu mawili mapya. Bado ulitoka na Karani, yule mbwa wako wa mwisho uliyemwita hivyo kwa sababu anatembea pua chini kama anayesoma majalada. Mlifika kwenye kichuguu mkarudi.

Mara ya tatu ulilazwa tena hapa mjini, na hukuweza kwenda msalani bila kushikwa na watu wawili. Daktari alituita mimi na Odilia akasema nasi vizuri, bila kuficha. Alisema Mbeya wanaweza kujaribu tena. Alisema pia kwamba safari ni ndefu, na kwa hali yako huenda usifike. Odilia hakusubiri amalize. Asubuhi gari lilikuwa limesimama nje, yeye yuko dirishani anasaini karatasi, na mimi nimebaki na wewe, nakufunga blanketi.

Ulinishika kidole. Mdomo wako ulikuwa wazi, unahema. Nilishawahi kuona kuhema kule, kwenye nyasi.

"Mama Odilia," ulisema. "Funga mbwa."

Kwanza nilidhani umeanza kuweweseka, maana Karani alikuwa nyumbani kwa Masanja. Nikakuambia mbwa yuko salama. Ukanitazama, hukuondoa macho, na ukanibana kile kidole. Hapo nikaelewa. Nilikaa kitako kwenye kile kitanda chako, kisha nikatoka nje nikamwambia Odilia kwamba tunarudi nyumbani.

Hakuamini masikio yake. Alisema yeye ndiye muuguzi, anajua kinachowezekana. Mimi nikasema ninarudi na mume wangu nyumbani. Dereva anasikiliza, wagonjwa wengine wanasikiliza. Ningemwambia nini pale? Kwamba baba yake amejihesabu na kwale? Nilinyamaza, na katika kunyamaza kwangu akasema lile neno.

"Sema tu umechoka kumuuguza, mama."

Sikumjibu, Baba Odilia, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Hilo ndilo lililonila miaka miwili. Mgongo ulikuwa unaniwaka kwa kukuinua. Nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya wodi hadi sijui tena siku ni ipi. Binti yangu alisema uongo ambao ndani yake mlikuwa na ukweli, na uongo wa namna hiyo haujibiki.

Tulikaa nyumbani siku kumi na moja. Nikizitazama sasa naona zilikuwa siku nzuri. Asubuhi jua likipanda nilikuweka barazani na blanketi mbili, Karani ameweka kidevu juu ya mguu wako, unakunywa uji wa ulezi vijiko vitano, sita. Masanja alileta maziwa akakuuliza umesalimia ndege wangapi leo. Ukamwambia wanakuja wenyewe, na kweli kwale walikuwa wanaita kule kwenye kipara chetu cha nyasi. Siku ya kumi na moja niliingia ndani kuchukua uji, nikatoka nao, ukawa huuhitaji tena.

Odilia alikuja kuzika. Alilia kaburini kwa sauti, na kwangu alikuja na macho makavu. Tangu hapo amekuwa akipiga simu kila Jumapili. Anauliza mbolea imefika, anauliza mahindi, anauliza kama nimekunywa dawa za presha. Ananiamkia shikamoo kama anavyomwamkia mwenyekiti wa mtaa. Nami namjibu marahaba, tunamaliza salio, nakata simu nabaki nimeishika. Nilitamani kumwambia neno lako. Kila nilipofungua kinywa niliona ni kama ninakutuma wewe uliyekufa ukanitetee. Na kuna usiku nilijiuliza kama kweli nilikusikia vizuri. Je, nilifunga mbwa kwa ajili yako, au kwa ajili ya mgongo wangu?

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Odilia alikuja kwa misa yako ya kumbukumbu. Baada ya watu kuondoka, aliosha vyombo vyote, akafuta mikono, akaingia chumbani akatoka na rungu lako. Alitoa pia karatasi mkobani. Alikuwa amepitia ofisi ya wanyamapori kuchukua kibali, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na amekitia ndani ya mfuko wa nailoni. Akasema, "Mama, Karani bado anaweza kutembea?" Nikasema anaweza, ila atatembea kizee. Akasema basi twende sote, maana wote ni wazee isipokuwa yeye.

Ndiyo mara ya kwanza kunitania tangu ulipoondoka.

Tulipanda hadi zile nyasi za juu ya kijito. Mimi nilibaki kwenye kichuguu, safari hii kwa sababu ya magoti. Karani alisoma majalada yake kwa muda mrefu mpaka nikadhani amelala, kisha kwale akapasuka. Odilia hakuinua mkono. Alisimama wima, rungu chini, akamtazama mpaka alipotua. Mara ya pili alirusha. Anarusha vizuri, ulimfundisha vizuri, lakini rungu lilipita nyuma ya mkia, nikasikia amecheka peke yake. Mara ya tatu yule ndege aliruka kidogo sana, akaanguka. Karani akasimama, mguu mmoja hewani, anatetemeka kwa uzee na kwa hamu.

Odilia alisogea, akazitenga nyasi kwa mikono miwili. Alikaa ameinama vile muda mrefu kuliko ulivyokuwa ukikaa wewe. Nilitoka kwenye kichuguu nikaenda hadi nyuma yake. Ndege alikuwa pale, mdomo wazi. Mwanangu alikuwa anamtazama kama anavyowatazama wagonjwa wake, nadhani, kifua na mdomo, kifua na mdomo. Ningetia neno lolote pale ningeharibu.

Akafungua kitenge chake cha kiunoni, akamfunga Karani shingoni, akamvuta pembeni. Kisha akaniuliza bila kugeuka.

"Mama. Siku ile ya gari, baba alikuambia nini?"

"Alisema, funga mbwa."

Alikaa chini majanini, Baba Odilia, na gauni lake la misa. Alilia kilio ambacho hakukitoa kaburini, cha mtoto, cha kushika tumbo. Nami nikakaa. Karani naye akakaa, akatutazama sote wawili asielewe mawindo yameishaje. Alipopata sauti alisema kwamba ningemwambia siku ile asingekubali, angekupakia tu kwenye gari. Nikasema najua. Kisha nikamwambia lile ambalo sikutaka libaki limefichwa nyuma ya neno lako.

"Lakini nilikuwa nimechoka, mwanangu. Ulisema kweli."

Alinishika mkono, na hakuushika kiuguzi. "Kila anayeuguza anachoka, mama," alisema. "Nawaona kila siku. Nilijua. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Yule kwale, tulipoinuka, hakuwepo. Alikuwa ameshapumzika kiasi cha kutembea, ameingia ndani zaidi kwenye nyasi.

Tukashuka mikono mitupu. Masanja alikuwa njiani na ng'ombe wake, akatutazama, akatazama mbwa aliyefungwa kitenge, akafungua mdomo aseme lake. Badala yake alivua kofia, akaishika mpaka tulipompita. Karibu na nyumba Odilia alikuwa mbele yangu na Karani, na nikasikia mluzi. Ni ule ule wako, na mwishoni unakosea mahali pale pale. Nilicheka mpaka nikasimama kushika ukuta wa zizi. Kumbe mwaka ule wa kwanza nilikuwa na wivu na mluzi.

Jioni nilipika ugali wa ulezi na maharage. Odilia alikula akaongeza, na leo asubuhi kabla ya kupanda basi aliniamkia akicheka, akaniambia atarudi Machi tulime, na nisithubutu kulima kile kipara. Nimemwambia sijawahi kuthubutu.

Basi nimekueleza. Ile hofu iliyokuwa kwangu naiacha hapa kwenye karatasi. Nyasi zako zipo, kwale wako wanaita, binti yako amenirudia. Mbwa amefungwa, Baba Odilia. Pumzika.

Mkeo, aliyekufuata siku ile hadi kwenye kichuguu,
Mama Odilia